Kupiga kambi kwenye matuta ya Msimbati: hesabu maji kwanza

Kabla ya kukodi hema, angalia mwezi wa angani una siku ngapi tangu uandame. Ufuo wa Msimbati, kilomita 45 hivi kutoka Mtwara mjini, unapitika vizuri kwa gari maji yakikupwa. Yakijaa, njia hiyo haipo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni. Wanaotoka mjini baada ya chakula cha mchana hufika saa hiyohiyo, wakabaki na mchanga mkavu wa juu tu, ule unaomeza matairi. Nenda siku za maji mafu, mwezi ukiwa na siku 8 hadi 10 au 22 hadi 24 tangu uandame. Hapo saa kumi jioni maji yamekupwa, na hata yakijaa usiku hayapandi sana. Kila siku saa za maji kujaa na kupwa husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo safari ya kurudi nayo ipigiwe hesabu.

Miezi mizuri ni Septemba hadi Novemba mwanzoni. Juni hadi Agosti kusi hurusha mchanga hadi kwenye sufuria. Machi na Aprili ni mvua, na vimbunga si hadithi: Kenneth ya Aprili 2019 ilitua kaskazini mwa Msumbiji, jirani kabisa na hapa. Sikiliza utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Eneo liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo lipia kiingilio na uulize wapi panaruhusiwa kulala. Tena ni mpakani. Beba kitambulisho, uripoti ofisi ya kijiji kungali mchana.

Gari liwe la kuvuta matairi yote manne. Kabla ya kuingia mchangani punguza upepo wa matairi hadi PSI 18 hivi. Tairi hutanuka, uzito ukasambaa. Beba pampu, maana kurudi lami na upepo huo ni kuua matairi. Likianza kuzama, acha mafuta mara moja. Kukanyaga zaidi kunachimba shimo hadi gari linalalia tumbo. Fukua kwa beleshi mbele ya kila tairi, tandika mbao au makuti, utoke polepole kwa gia ndogo.

Sasa hema, ambapo wengi huaibika. Matuta yenyewe si ya jangwani. Ni migongo ya mchanga nyuma ya ufuo, iliyoshikwa na nyasi na mlakasa, mmea unaotambaa ufukweni. Usilale juu ya tuta, kuna upepo, wala usikanyage ule mlakasa: ukifa, upepo unabeba tuta lenyewe. Lala nyuma ya tuta la kwanza, pakavu palipoinuka kidogo, mlango ukiupa kusi mgongo. Kivuli cha mvinje ni kizuri. Cha mnazi kina nazi.

Vigingi vifupi vya chuma havishiki mchanga mkavu, hata ukivigonga vyote. Chukua viroba vya kilo 5, kimoja kwa kila kamba. Jaza mchanga, funga kamba katikati ya tumbo la kiroba, chimba nusu mita, kilaze kikiwa kimekingama na mvuto wa kamba, fukia, kanyaga, kisha mwagia maji ya bahari. Mchanga mbichi hushikamana. Kazi ya nusu saa, na usiku hutatoka kushika hema.

Maji ya kunywa na kupikia, lita 5 kwa mtu kwa siku, yatoke mjini. Visima vya karibu na pwani huwa na chumvichumvi. Chandarua ni lazima, na jioni vaa mikono mirefu, hasa ukiwa karibu na mikoko: usubi hupenya pasipopita mbu.

Moto uwashe kwenye jiko la mkaa. Makaa usiyafukie mchangani! Juu huonekana pamepoa, chini yanabaki moto kwa saa nyingi, na anayeyakanyaga asubuhi ni mtoto asiye na viatu. Mwagia maji hadi yasitoe mvuke, uyazoe. Watoto hao wasichimbe mashimo kupita magoti yao. Kuta za mchanga huporomoka bila kuonya.

Usiku zima taa za upande wa bahari. Kasa hutaga kwenye fuo hizi, na vitoto vikitotolewa hufuata mwanga. Vikiona taa yako vinapanda nchi kavu na kufa. Ukikuta kiota, kaa mbali, wala usipitishe gari juu ya alama ya maji kujaa.

Zipu ya hema ikikwama usiivute kwa nguvu. Imwagie maji yasiyo na chumvi, ipige mswaki wa zamani, ndipo uifunge. Na kabla ya kukunja hema, ligeuze ndani nje ulikung'ute.