Jibu: Darasa la sita wanazomeana, je, mradi utasaidia?

Mwalimu mwenzangu, pole na kazi. Nimekuelewa: shule iko chini ya mlima huko Mabatini, Mwanza, kazi za vikundi zinaishia ugomvi, na wanaochelewa kwa sababu ya kuchota maji wanazomewa. Unataka kufundisha haki na kuheshimiana kwa njia ya mradi.

Utasaidia, ila usianze na neno "haki". Anza na ndoo. Mimi niliwapa wiki mbili: kila mtoto aandike nani nyumbani anachota maji, mara ngapi, kwa dakika ngapi. Tukachora grafu ubaoni (hesabu hiyo, mkuu hakuwa na la kusema). Wavulana wakaona wenyewe jinsi dada zao walivyowazidi, kicheko kikakata. Hapo ndipo nikauliza: hii ni sawa? Nani aambiwe? Wakamwandikia barua mwenyekiti wa mtaa.

Vikundi viwe vya watano, majukumu yazunguke. Wakibishana, kila mmoja arudie kwanza alichosema mwenzake, ndipo ajibu. Siku za mwanzo inachosha kweli, vumilia.

Kosa langu: niliacha waandike majina, mtoto mmoja akaumbuka kwa hali ya kwao. Tumia namba. Mkienda kupima maji, msiingie ziwani wala Mto Mirongo, kichocho kipo. Na mtoto akikufichulia kwamba anapigwa au anaguswa vibaya, usijifanye mpelelezi: mwone afisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.