Rufaa ya Muhimbili na Dar hamna ndugu

Pole sana dada. Umesema mwanao wa miaka 6 amepewa rufaa ya saratani kutoka Mbeya kwenda Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, bima hamna, na Dar hamjui mtu. Usikimbilie kuuza shamba. Kabla hujapanda basi, pitia kwa mtendaji wa kijiji akuandikie barua inayosema wazi kwamba familia haina uwezo. Ibebe pamoja na karatasi ya rufaa. Mkifika, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii siku hiyohiyo, usingoje bili ianze kukutoa jasho. Wengi tunaona haya kusema "sina", ila wale wa ustawi wa jamii kazi yao ndiyo hiyo, kuwasikiliza wasio na uwezo.

Kwa watoto wenye saratani lipo pia shirika la Tumaini la Maisha, linafanya kazi humohumo Muhimbili. Lina hosteli ya bure kwa watoto wanaotoka mbali na mzazi wao, kwa hiyo suala la kulala liulizie hapo. Nauli ya kurudi kliniki nayo iseme mapema; kuna wanaoacha matibabu katikati kwa sababu ya nauli tu. Halafu mbebee mtoto madaftari yake. Matibabu haya huchukua miezi.