Tubadili jina la funksheni au tuboreshe maelezo yake?

Swali: Ninachangia fremuweki huria ya wavuti (msingi wa msimbo ambao watu hujengea programu zao) yenye funksheni mbili, get na fetch. Ya kwanza husoma data iliyohifadhiwa kwenye kashe (hifadhi ya muda ya kusomwa haraka), ya pili huifuata kwenye hifadhidata, na wageni huzichanganya kila mara. Nilipendekeza tubadili majina, lakini watunzaji wa mradi walikataa wakihofia kuvunja programu za watu. Je, niishie kwenye nyaraka tu?

Jibu: Hofu ya watunzaji ni ya haki, ila haijakufungia mlango. Anza na nyaraka, kwa sababu ndizo zitakazokuonyesha kasoro iko wapi. Andika sentensi moja kwa kila funksheni, inayosema inafanya nini na ni wakati gani itumike badala ya mwenzake. Ukijikuta unalazimika kwanza kukanusha kile ambacho jina linaahidi, basi jina lenyewe ndilo lenye kosa, na hapo hata aya kumi hazitalirekebisha. Kwa maoni yangu get imefikia hali hiyo, kwa kuwa jina hilo halidokezi kashe popote, ilhali get_cached lingejieleza.

Rails, fremuweki ya wavuti ya lugha ya Ruby, iliwahi kupita njia hii. Jina before_filter lilidokeza kwamba kuna kinachochujwa (filter ni chujio), ilhali kazi yake ni kutekeleza msimbo kabla ya kitendo cha kidhibiti, yaani sehemu ya programu inayoshughulikia maombi. Toleo la 4.0 la mwaka 2013 lilileta before_action huku jina la zamani likiendelea kufanya kazi. Onyo lilitolewa katika toleo la 5.0, na jina la zamani likaondolewa katika 5.1, mwaka 2017. Rudisha pendekezo lako likiwa na ratiba kama hiyo, yaani lakabu kwanza (jina jipya linalofanya kazi sambamba na la zamani), kisha onyo linalotaja jina jipya, na uondoaji mwishoni kabisa, kwa sababu walichokikataa watunzaji ni kuvunjika kwa programu, si uwazi wa majina.

Yako majina yaliyokwisha kuota mizizi. Katika modeli (maelezo ya muundo wa data) za Django, fremuweki ya wavuti ya lugha ya Python, chaguo la null huhusu hifadhidata pekee na la blank huhusu uhakiki wa data, na nyaraka hutamka tofauti hiyo pale pale chaguo linapoelezwa. Nanyi fanyeni hivyo tangu sasa, bila kungoja uamuzi kuhusu majina.

Lakabu ikikubaliwa, badili mifano yote ya mafunzo katika toleo hilo hilo, maana wengi hunakili mfano kabla ya kusoma maelezo yake.