Aproni yenye maua: ni maumbile au malezi?

Swali: Nafundisha chekechea. Mvulana wa miaka minne alikataa katakata kuvaa aproni yenye maua, akilia kwamba akiivaa atageuka msichana. Wazazi wanasema hawajawahi kumfundisha hivyo. Je, jambo hili limo katika maumbile yake?

Jibu: Mwalimu, kilio hicho ni cha umri wake. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg alieleza kwamba mtoto huanza kujiita mvulana au msichana akiwa na miaka miwili au mitatu, ila hadi afike mitano au saba ndipo huelewa kwamba kubadili nguo au nywele hakumgeuzi mtu. Mwanafunzi wako hajafika huko. Anaamini kweli kwamba maua yanaweza kumwondolea uvulana wake, na kwake hiyo ni hofu kubwa.

Imani hiyo ameiokota kwa kutazama. Watu wazima hufundisha bila kujijua: katika majaribio ya miaka ya 1970, mtoto mdogo yuleyule alipotambulishwa kuwa wa kike, watu walielekea kumpa mwanasesere zaidi kuliko alipotambulishwa kuwa wa kiume. Hakuna aliyeagizwa kufanya hivyo.

Maumbile nayo yamo. Mnamo wiki ya sita au ya saba ya mimba, jeni ya SRY iliyo kwenye kromosomu Y, ambayo kwa kawaida huwa nayo wanaume, huanzisha ukuaji wa korodani, nazo hutoa testosteroni, homoni ya kiume. Wapo wasichana ambao tezi zao za adrenali, zilizo juu ya figo, zilizalisha homoni za aina hiyo kupita kiasi wakiwa bado tumboni. Kwa wastani hupenda magari na michezo ya purukushani kuliko wasichana wengine, na bado wengi wao hujijua kuwa wasichana. Mtoto anachopenda kuchezea na anavyojitambua ni mambo mawili, na kuyachanganya kumeumiza watoto wengi.

Kujitambua hakulazimishwi kwa malezi. David Reimer wa Kanada, aliyezaliwa 1965, aliharibiwa uume katika tohara, akalelewa kama msichana kwa ushauri wa mwanasaikolojia John Money. Hakuukubali usichana huo, na alipoelezwa ukweli akiwa na miaka 14 alirudi kuishi kama mvulana. Kisa kimoja hakimalizi mjadala, lakini kinatosha kutuonya.

Majukumu yanayoitwa ya kike au ya kiume ndiyo hupinda kwa urahisi. Waliopanga programu za kompyuta ya ENIAC nchini Marekani, miaka ya 1940, walikuwa wanawake sita. Baadaye kazi hiyo ikaja kuonekana ya kiume, ilhali ubongo wa binadamu haukubadilika katika miongo hiyo michache.

Kwa hiyo usimlazimishe, na usimcheke. Mpe aproni nyingine leo, umwambie kwa utulivu kwamba atabaki mvulana hata akivaa yenye maua. Zile za maua ziache zitundikwe pamoja na nyingine, wazi kwa yeyote, na baba au mjomba wa mtoto yeyote akija kusaidia darasani, mwombe avae mojawapo.