Ndege wa kipekee, au ndege wa Pemba pekee?

Msomaji mmoja wa Wete, anayejifunza kazi ya kutembeza wageni, ameniletea swali zuri. Yeye na wenzake wanataka kuandika ubao wa kuwekwa kwenye njia ya kuingilia msituni, utaje wale ndege wanne ambao dunia nzima hawapatikani ila Pemba. Wamegawanyika. Wa kwanza anataka "ndege wa kipekee wa Pemba", wa pili "ndege adimu wa Pemba", wa tatu "ndege wa asili", na wa nne kang'ang'ania "ndege wa kienyeji". Anauliza lipi ni sahihi, na kama waandike "ndege hii" au "ndege huyu".

Jibu la haraka ni kwamba katika hayo manne hamna hata moja linalosema mnachotaka kusema. La polepole ni refu, na nitaanza na hilo la "kipekee", maana nina kesi nalo ya miaka mingi.

Karibuni nilikaa kwenye mahafali. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Kwa namna ya kipekee kabisa, nimshukuru mgeni rasmi." Tukapiga makofi. "Na kwa namna ya kipekee, niwashukuru wazazi." Makofi. Ikaja kamati ya chakula, wakaja waliopamba ukumbi, akaja fundi wa muziki, kila mmoja kwa namna ya kipekee. Nilihesabu mara 11. Jamani, namna ya kipekee ni ile isiyo na ya pili. Watu 11 wakishukuriwa kwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile, hapo upekee uko wapi? Huyo fundi wa muziki, ambaye kweli alihangaika na nyaya tangu alfajiri, alistahili aambiwe alichofanya: umeme ulikatika mara mbili, na mara zote mbili ni yeye aliyeturudishia sauti. Hayo yangekuwa maneno yake peke yake. Alichopewa ni "kipekee" ya kumi na moja, iliyokwisha kuchakaa.

Na ugonjwa huu haukai ukumbini. Hoteli ina "mandhari ya kipekee", mgahawa una "ladha ya kipekee", duka la simu lina "ofa ya kipekee", na nimekutana hata na "ya kipekee zaidi", kana kwamba kuna vitu viwili visivyo na mfano halafu kimoja kimezidi kutokuwa na mfano. Neno limebaki na maana ya "zuri sana" tu. Kiswahili kina njia chungu nzima za kusema kitu ni kizuri: murua, cha kupendeza, kisicho kifani, cha aina yake. Hatukuwa na haja ya kulitoa "kipekee" kazini na kulitia kwenye umati huo.

Asili yake haina fumbo. Mzizi ni "peke", ndugu yake ni "pweke" na "upweke", na matumizi yake makongwe ni "peke yangu, peke yako". Hiyo ki- ya mbele ni ya namna, kama katika "kifalme" au "kitoto". Kwa hiyo "-a kipekee" ni "-a namna iliyo peke yake". Zingatieni hapo: neno hili linaeleza namna ya kitu. Mahali halitaji. Na ubao wenu habari yake yote ni mahali.

Nawaletea shahidi mmoja, naye ni yule ndege mdogo wa manjano mwenye pete nyeupe jichoni, ambaye wengine humwita kinengenenge. Mtazameni vizuri. Ni mdogo kuliko shomoro, mgongo una ukijani kidogo, tumbo manjano, na lile duara jeupe kuzunguka jicho kama limechorwa kwa chaki. Huenda kwa vikundi, kichaka hadi kichaka, akichokoa wadudu huku akilialia. Je, ni wa namna ya peke yake? Hata kidogo! Jamaa zake wametapakaa Afrika, Asia na visiwa vya Pasifiki, aina zinazopita 100, karibu zote manjano au kijani, wengi wao na pete hiyohiyo jichoni. Ukimweka wa Pemba kando ya binamu yake wa bara, mtu asiye mtaalamu ataapa ni ndege mmoja. Kwa sura, basi, kinengenenge wa Pemba hana upekee wa kutangaza.

Je, ni adimu? Wala. Keti bustanini Chake Chake au pita kwenye vichaka vya pembezoni mwa shamba, utamwona bila kumtafuta. "Adimu" tumelipata kwenye Kiarabu, na kiini chake ni kukosekana; kilicho adimu ni kile unachokitafuta usikione. Huyu mnaye kila asubuhi. Ila vuka bahari uende Tanga au Unguja, humwoni tena. Ni wa kawaida kabisa Pemba, na nje ya Pemba hayupo. Ndege huyu mmoja anatosha kulifuta "kipekee" na kulifuta "adimu" kwa mkupuo.

Sisemi kwamba hakuna uadimu Pemba. Ninga wa Pemba, yule njiwa wa kijani, amewekwa katika orodha ya kimataifa ya walio hatarini, na kihodi, bundi mdogo mwekundu-kahawia, anategemea miti mikubwa, ya msituni na hata mikarafuu mizee, ambayo inapungua. Lakini hilo ni jambo la idadi, na la idadi lisemwe kwa neno lake. Mkiwaita wote wanne "adimu", mgeni atakayemwona chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, kibarazani dakika tano baada ya kufika ataona mmemdanganya.

"Asili" nalo ni la Kiarabu, maana yake shina, chanzo. Ni neno zuri na kinyume chake ni "mgeni". Kunguru mwenye kifua cheupe ni wa asili hapa kwetu, na ni wa asili vilevile sehemu kubwa ya Afrika. Kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na sasa anawasumbua watu hadi Dar es Salaam, ni mgeni. Neno "asili" linawatenga hao wawili, kazi yake ikaishia hapo. Na "kienyeji" kila mtu anajua limeolewa na kuku. Kuku wa kienyeji yuko Pemba, yuko Kigoma, yuko Bujumbura.

Sasa neno lenyewe, "pekee", bila ki-. Hili ndilo mnalolihitaji, lakini lina masharti ya pale linapokaa, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Someni sentensi hizi polepole:

"Ndege hawa wanapatikana Pemba pekee." Sawa. Neno limeegemea Pemba, na Pemba ndiyo iliyobanwa.

"Hawa ndio ndege pekee wanaopatikana Pemba." Hapo mmeua ndege wote wengine wa kisiwa. Hakuna kunguru, hakuna mwewe, hakuna hata jogoo wa kuwaamsha watu alfajiri. Pemba nzima ina aina nne tu. Nimeiona sentensi hii kwenye kipeperushi kilichochapwa kwa rangi na karatasi ya kung'aa, na naamini aliyeiandika ni Mswahili kindakindaki aliyekuwa anaharakisha.

"Ndege hawa wanaishi Pemba peke yao." Hapo wamekuwa wapweke, wamehamwa na watu.

"Ndege hawa wanapatikana pekee Pemba." Hiyo kaitunga mtu aliyekuwa anasikiliza lugha nyingine kichwani. "Pekee" hufuata linachokibana, halitangulii mahali.

Na "Pemba peke yake"? Wazee wengi husema hivyo, nami siwagombezi. Ni Kiswahili cha watu. Mradi tu sentensi isiwe ya ndege mmoja, maana "ninga anaishi Pemba peke yake" inakuacha hujui peke yake ni Pemba au ni ninga.

Mtaniuliza kwa nini nashikilia mahali kiasi hiki. Kwa sababu hawa wamekuwa walivyo kutokana na mahali. Unguja imetengwa na bara kwa bahari ya kina kifupi; zama za barafu, maji yaliposhuka, ilishikana na bara na viumbe wakapita kwa miguu na kwa mabawa. Pemba iko kama kilomita 50 kutoka bara, na katikati kuna mkondo ambao kina chake hupita mita 400. Waliofika huko walibaki huko, wakazaana wao kwa wao muda mrefu mno, hadi wakawa aina nyingine. Ndiyo maana Pemba ina wanne wake na Unguja, iliyo kubwa kuliko Pemba, haina namna hiyo. Sentensi isiyosema "Pemba" kwa mkazo imeiacha nje sababu yote.

Wanasayansi walilijua hilo walipowapa majina. Chozi aliandikwa mwaka 1905 kwa jina lenye Pemba ndani yake. Kihodi mwaka 1937 na ninga mwaka 1940, wote wawili na Pakenham, mtumishi wa serikali ya kikoloni Zanzibar, na wote wawili akawaita "pembaensis", yaani "wa Pemba". Ni kinengenenge tu, wa mwaka 1924, aliyebebeshwa jina la mtu, Vaughan. Watatu kati ya wanne wamebeba kisiwa chao kwenye jina, halafu sisi wenye kisiwa tunawaita "wa kipekee"!

Na mahali lazima patajwe kwa kipimo chake. Tazameni jirani zetu wa Komoro. Visiwa vyao vikubwa ni vinne, na kila kimoja kina bundi wake mdogo: wa Ngazija kwenye miteremko ya mlima Karthala, wa Nzwani, wa Mwali, na wa Maore. Ukisema "bundi wa Komoro pekee" hujakosea, lakini umewachanganya wanne kuwa mmoja. Yule wa Nzwani alielezwa mwaka 1889, kisha akapotea machoni pa wataalamu kwa zaidi ya miaka 100, hadi alipopatikana tena mwaka 1992 kwenye misitu ya milimani. Miaka yote ile hakuna aliyeweza kusema "si kitu, tutamwona Ngazija", kwa sababu wa Nzwani yuko Nzwani pekee. "Kipekee" haliwezi kubeba uzito huo. Linameza mahali, likabaki kupepea.

Wapo wanaoandika "ndege endemiki", neno la wataalamu kwa kiumbe wa mahali pamoja tu. Kwenye ripoti za wataalamu nalivumilia, wanaelewana. Kwenye ubao wa njiani, mbele ya watoto wa shule wa Konde, halitamwambia mtu kitu.

Mwaka mmoja nilikwenda Msitu wa Ngezi, Pemba, jioni wakati wa magharibi, kundi letu la watu kama saba. Giza lilipoanza kushika, kihodi akaita: sauti moja fupi, kimya, tena sauti moja. Mwenzake akamjibu kutoka mbali. Kijana aliyekuwa akituongoza akanong'ona, "Huyo ni ndege wa kipekee sana." Mama mmoja wa Tanga akamuuliza, naye kwa kunong'ona, "Kipekee vipi, mwanangu?" Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyu humpati pahala pengine, bibi. Ni hapa Pemba tu." Yule mama akashika mdomo. Alikuwa ameishi miaka yote ng'ambo ya pili ya maji yaleyale. Hilo jibu la pili kijana hakufundishwa na mtu, limetoka nyumbani kwao.

Limebaki la "ndege hii". Ndege mwenye roho ni huyu, na wakiwa wengi ni hawa: ndege huyu amepaa. Ndege ya abiria ni hii: ndege hii imepaa. Kwenye ubao wenu andikeni "huyu" na "hawa", bila wasiwasi. Na mkifika kwa chozi muwe macho zaidi, kwa sababu chozi huyu hunyonya maua, na chozi hili hudondoka mashavuni.

Ubao ningeuandika hivi:

"Ninga wa Pemba, kihodi, chozi wa Pemba, kinengenenge wa Pemba. Ndege hawa wanne wanaishi Pemba pekee. Huwapati pahala pengine."