Cherehani ya kukanyaga: mambo ya kutazama kabla ya kulipa, na wiki zako za kwanza

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili, maana miaka sita iliyopita nilikuwa mahali ulipo leo. Unasema jirani yako hapo Umoja, Nairobi, anauza Singer nyeusi ya kukanyaga iliyokuwa ya mamake, na anaitaka shilingi 12,000. Mumeo anaona heri mnunue ile ndogo ya plastiki inayotumia stima. Nawe hujawahi kushona zaidi ya kurudisha kifungo, na unauliza kama utaiweza. Utaiweza. Mimi kwa mtu anayeanza ningechagua ya kukanyaga bila kusita, ila usitoe hata shilingi kabla hujaona mahali inapokaa bobini, kile kidude kinachozungushiwa uzi wa chini.

Hapo ndipo wengi wanapoumia. Tunavutwa na yale maua ya dhahabu ubavuni, tunasahau kuuliza kama vipuri vyake bado vinauzwa. Telezesha kile kibati cha chuma kilicho kando ya sindano, uchungulie. Ukikuta kidude chenye umbo la mtumbwi, na ndani yake bobini ndefu nyembamba, hiyo ni ya muundo wa kale. Inashona vizuri ajabu, lakini bobini zake utazisaka mji mzima, na zile utakazopewa pamoja na cherehani ndizo utakazozeeka nazo. Ukikuta kesi ya duara, yaani kifuko cha chuma cha kushika bobini, inayochomolewa kutoka upande wa kushoto, na bobini fupi ya mviringo, basi huenda ni ile Singer inayoitwa aina ya 15, na hapo umebahatika. Wachina waliiga muundo huohuo kutengeneza cherehani za Butterfly, zile ambazo mafundi wetu wengi wa mitaani wanazo. Kwa hiyo bobini ya Butterfly inaingia, kesi inaingia, futi (ule mguu mdogo unaobana kitambaa) inaingia, sindano ni zilezile. Mimi sijawahi kukosa kipuri, na sijawahi kulipa pesa ya kuniuma.

Ukitaka kujua ilikotoka, tafuta namba iliyopigwa kwenye kitako cha chuma, upande wa kulia. Yangu inaanza na herufi mbili, ya kwanza E. Namba za mfululizo huo ni za kiwanda cha Clydebank kule Uskoti, na zilianza kupigwa mwaka wa 1935. Ile K utakayoisikia watu wakisema 15K ni ya Kilbowie, mahali hasa kiwanda kiliposimama. Kilifungwa mwaka wa 1980. Namba hiyo haitakusaidia kushona, lakini inakusaidia kumjibu muuzaji anayekwambia ni ya miaka 150.

Na akikutajia zebaki nyekundu, ondoka. Uvumi huo ulivuma sana Saudia mwaka wa 2009, watu wakaambiwa kuna zebaki ya mamilioni ndani ya Singer za zamani, wakawa wanazisogezea simu sindanoni kuona kama mtandao utakatika. Hakuna kitu kama hicho ndani. Kuna chuma, mafuta na pamba ya nyuzi. Anayepandisha bei kwa hadithi hiyo, ama amedanganywa ama anakudanganya.

Sasa izungushe. Toa mkanda kwenye gurudumu la juu, lile la mkono, kisha lizungushe kwa mkono kuelekea kwako, polepole, mizunguko kumi. Ikiwa nzito sawasawa mwanzo hadi mwisho, usiogope, hayo ni mafuta yaliyogandamana, na dawa yake nitakueleza. Ikiwa inakwama mahali pamoja kila mzunguko, toa kesi ya bobini uangalie kama kuna uzi umejisokota ndani. Ukitoa uzi na bado inakwama palepale, kuna kitu kimepinda. Mwache nayo.

Miguu nayo ikague. Ni chuma cha kumimina, hakichomelewi kirahisi kama nondo, kwa hiyo ufa ni ufa. Shika ile fimbo inayounganisha kikanyagio na gurudumu kubwa uitikise; ikicheza kidogo inakazwa, ikicheza sana itakupigia kelele usiku kucha. Meza ipigepige kwa kidole uone kama mchwa wamekula ndani. Mkanda wa ngozi usikusumbue hata ukiwa umekatika. Mpya ni bei ndogo, unaukata kwa kipimo, unatoboa, unabana kwa kile kichuma chake, basi. Usiukaze mno, miguu itachoka. Usiulegeze mno, utateleza.

Yangu niliinunua shilingi 9,500 Dandora, kwa familia iliyokuwa inarudi mashambani, ikaja nyumbani kwa mkokoteni. Ilikuwa nzito kuzungusha kama mlango wa gereji. Mwenyewe aliniambia kwa nia njema kabisa kwamba walikuwa wakiitia mafuta kila mwezi. Tatizo ni kwamba yalikuwa mafuta ya kupikia. Yale yakikaa hugeuka gundi, tena gundi ya kahawia kama utomvu wa mti. Nilichukua mafuta ya taa, mswaki wa zamani na vitambaa, nikaanza Ijumaa jioni. Kila tundu la mafuta, matone mawili matatu ya mafuta ya taa, zungusha, ngoja, zungusha tena. Kufikia Jumamosi usiku gurudumu lilikuwa linaenda kwa kidole kimoja. Baada ya hapo nikafuta, nikaweka mafuta halisi ya cherehani, yale meupe mepesi, kwa sababu mafuta ya taa yanaosha tu, hayalainishi.

Nilipofungua kile kibati cha juu ya meno yanayovuta kitambaa nikakuta pamba imeshindiliwa, ngumu kama soli ya kiatu. Niliitoa kwa ncha ya sindano, ikatoka tabaka kwa tabaka: bluu ya sare ya shule, chini yake nyeupe, chini yake nyekundu iliyoiva, kisha bluu tena. Nilikaa nayo kiganjani muda. Mama fulani aliwavalisha watoto wake kwa mashine hiyo, na nguo zote zilikuwa zimeacha alama humo.

Kosa nililofanya usiku huo ni kupangusa ubavu kwa spiriti ili ing'ae. Ile vanishi ya zamani huyeyuka kwa spiriti, na ua moja la dhahabu likatoka na kitambaa. Thina ni mbaya zaidi. Ubavuni tumia kitambaa chenye mafuta ya cherehani, uishie hapo.

Kuhusu kujifunza, mimi nilikuwa na haraka, nikatunga uzi siku ya kwanza, ukawa unanikatikia kwa saa mbili. Aliyenifungua macho ni fundi mzee pale Uhuru Market, karibu na Jogoo Road, niliyekuwa nimempelekea sare ya mtoto. Alinikalisha kwenye cherehani yake, akatoa uzi wote. Akalegeza ile skrubu kubwa iliyo katikati ya gurudumu la mkono, ili gurudumu lizunguke na sindano ilale. Akanipanga miguu, mmoja mbele, mwingine nyuma kidogo, na kunivua viatu vyangu vya soli nene. Nikaanza kukanyaga kwa nguvu. Akaniwekea mkono gotini akasema, "Usikanyage, mama. Bembeza." Basi nikabembeza, vidole vikishuka kisigino kinapanda, kama mtu anayembembeleza mtoto kwa goti, na lile gurudumu kubwa likaanza kwenda lenyewe.

Kinachokata nyuzi za wanaoanza ni gurudumu la mkono kurudi nyuma. Lazima lizunguke kuja kwako, daima. Kwa hiyo unalianzisha kwa mkono wa kulia, unalivuta kuelekea kwako, ndipo miguu inaupokea ule mwendo. Ukitaka kusimama, kiganja juu ya gurudumu. Fanya hivyo tu, bila uzi na bila kitambaa, siku tatu nzima, robo saa asubuhi na robo saa jioni. Utaona ni upuuzi, lakini siku ya nne miguu itakuwa inajua yenyewe na macho yako yatabaki kwa kitambaa.

Kisha kaza skrubu, chukua karatasi ya daftari yenye mistari, ushone bila uzi, matundu yafuate mstari. Ukifika kona, acha sindano ikiwa chini, inua futi, geuza karatasi, shusha futi, endelea. Mimi nilimaliza daftari zima la mtoto la kurasa 48. Ndipo uzi, na kitambaa cha kujifunzia kiwe amerikani, kwa sababu hakitelezi na mshono mbaya unauona mara moja.

Uzi ukianza kukusumbua, angalia sindano kwanza. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja na ubapa upande wa pili kule juu. Uzi huingilia upande wa mfereji. Mimi niliiweka kinyume, nikaruka mishono siku mbili nikilaumu mashine. Kwa kitenge cha kawaida tumia namba 14, kwa jinzi 16, kwa vitambaa vyepesi 11. Ukiona uzi umekusanyika kama kiota chini ya kitambaa, usiguse bobini. Mara nyingi kosa liko juu, hukupitisha uzi katikati ya vile visahani viwili vya kubana. Inua futi, tunga upya. Bobini yenyewe ipime hivi: ning'iniza kesi kwa uzi wake, itikise kidogo. Ikishuka kidogo na kusimama, iko sawa. Ikianguka hadi chini, imelegea. Na kila unapoanza, shika ncha zote mbili za uzi nyuma ya futi kwa mishono mitatu ya kwanza.

Mumeo hakukosea kwa kila jambo. Ile ya plastiki inaingia kabatini, na yangu imekula nafasi ya meza nzima. Pia inashona zigizaga, na ya kukanyaga ni mshono ulionyooka tu. Nyingine za kukanyaga hata kurudi nyuma hazirudi, unageuza kitambaa au unafunga nyuzi kwa mkono. Kingo za nguo mimi nazificha kwa kushona upande wa nje kwanza, kisha nageuza na kushona tena ndani, au napeleka sokoni kwenye ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo. Lakini rafiki yangu alinunua ya plastiki wakati uleule, ikashindwa na pindo la jinzi, na mguu ukiigusa kidogo tu inaruka mbio kabla mikono haijajua la kufanya. Ya kukanyaga inakwenda kwa kasi unayoitaka, hata mshono mmoja mmoja. Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, mimi nilimalizia sketi ya mtoto kwa taa ya sola.

Umesema unakwenda kuiona Jumamosi. Beba sindano mpya namba 14, uzi mzuri, tochi, bisibisi ndogo, na kipande cha kitenge ukikunje mara nne. Mwombe jirani akuruhusu ushone hapo hapo, au yeye akushonee ukiangalia pande zote mbili za mshono. Ikishona kunjo nne bila kuruka, 12,000 si bei mbaya, ingawa mimi ningeanza na 9,000. Ukikuta bobini ni ile ndefu ya mtumbwi, hesabu ziko ngapi, kisha uniandikie hapa kabla hujalipa.