Yabuli, Chongli au Altay: pa kuanzia skii China

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni wanafunzi watatu wa Kitanzania hapa Wuhan. Tuna siku tano za likizo Januari 2027 na tunataka kujifunza skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili za miguuni. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvaa buti zake. Wenzetu wamegawanyika. Wengine wanasema Yabuli, wengine Chongli kwa sababu Olimpiki ya majira ya baridi ya 2022 ilifanyika huko. Nimeona pia picha za Altay, kule Xinjiang, theluji inafika kiunoni. Je, theluji nyingi ndiyo nzuri kwa anayeanza? Twende wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nendeni Chongli. Ila swali lako la theluji nyingi ni zito kuliko hilo la wapi, kwa hiyo naanza nalo.

Theluji ya kina kirefu ni raha ya mtu ambaye miguu yake imeshazoea. Anayeanza akiingia humo, mbao zinazama, hageuki, na akianguka hana pa kujishikia ainuke. Ninyi mnahitaji theluji iliyoshindiliwa na kusawazishwa, juu ya mteremko mpana usio mkali. Theluji ya namna hiyo hata mashine inaitengeneza, na Chongli karibu yote ni ya mashine, kwa maana milima ile ni mikavu. Mizinga ya kutengenezea theluji hurusha matone madogo sana ya maji, nayo huganda kabla hayajatua. Hewa ikiwa kavu, sehemu ya maji huvukizwa na kuyapoza yaliyobaki, ndiyo maana kazi hiyo hufanyika hata kipimajoto kikikaribia sifuri.

Kasoro ya theluji ya mashine ni kwamba punje zake hushikana na kuwa ngumu, na mapema asubuhi unaweza kudhani umesimama juu ya saruji. Ukianguka, unaumia. Mtawaona Wachina wanaojifunza wamefunga kobe wa kitambaa, yaani mito ya kinga yenye umbo la kobe, makalioni na wengine magotini. Nanyi nunueni, msione haya. Wanafunzi niliowafundisha wakiwa na kobe hao walithubutu kujaribu tena haraka kuliko waliokuja bila kinga.

Yabuli ninaiheshimu. Ilibeba mashindano ya theluji ya Michezo ya Asia ya Majira ya Baridi mwaka 1996 na tena 2025. Tatizo ni baridi. Wastani wa Januari pale Harbin, mji mkuu wa jimbo ilipo Yabuli, ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri, na mlimani kuna upepo juu yake. Mwanafunzi wa siku ya kwanza hatelezi sana: anasimama, anaanguka, anamsubiri mwalimu amalize na mwenzake. Vidole vinakufa ganzi kabla somo halijaingia. Tena baridi ikizidi mno, theluji yenyewe haitelezi vizuri. Kinachoutelezesha ubao ni tabaka jembamba sana la chembe za maji zilizolegea juu ya theluji, na baridi kali hulikaza, basi unahisi kama unapita juu ya mchanga. Chongli nayo si joto, usiku wa Januari ni mkali sana, lakini mchana wenye jua mtavumilia.

Kisha kuna safari. Kutoka Wuhan mnapanda treni ya mwendokasi hadi Beijing, na kutoka Beijing hadi stesheni ya Taizicheng, huko huko Chongli, ni kama saa moja kwa reli iliyofunguliwa Desemba 2019. Kwa Yabuli kwa kawaida mnafika kwanza Harbin, halafu treni nyingine. Kwa siku tano mtakuwa mmekula mbili njiani. Kama ndoto yenu hasa ni sanamu za barafu za Harbin, hapo Yabuli ya siku mbili inaeleweka. Altay iwekeni akiba ya miaka ijayo. Ni mbali, lakini inastahili: wapo wazee kule ambao bado huteleza kwa mbao zilizovikwa ngozi ya farasi, manyoya yakilala wanaposhuka na yakikamata theluji wanapopanda.

Ndani ya Chongli kwenyewe viko viwanja kadhaa. Wanlong, wenye kilele cha zaidi ya mita 2,000, husifiwa na wazoefu. Sifa hizo zisiwavute kwa sasa. Mimi ningewapeleka Fulong. Uko mjini, kwa hiyo mnalala na kula mjini, na kuna miteremko yenye taa usiku.

Kwenye dirisha la kukodi vifaa mtaulizwa uzito na urefu. Semeni kweli. Kwa vipimo hivyo na uzoefu wenu, fundi hurekebisha vishikio vinavyoachia buti mnapoanguka. Ukijiongezea kilo, vishikio vinakazwa kupita kiasi, havifunguki, na goti ndilo linalolipa. Buti likubane kila upande bila kukuumiza. Soksi iwe moja, ndefu, nyembamba. Soksi mbili hukatiza damu na mguu unapoa zaidi. Jinzi na fulana za pamba acheni hosteli, zinanyonya jasho na kulikalia. Kofia ngumu ni lazima, hata kama uwanja haukulazimishi.

Mwaka Mpya wa Kichina unaangukia 6 Februari 2027, na kabla yake nchi nzima iko safarini. Nendeni katikati ya Januari, Jumatatu hadi Ijumaa. Tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla na hufungwa na pasipoti, basi jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo humo.

Lipieni mwalimu wa nusu siku, mchangiane watatu. Kwenye vibao tafuteni neno chuji, ndiyo miteremko ya wanaoanza. Zhongji ni ya kati. Msipande zhongji mpaka kila mmoja wenu aweze kusimama pale anapotaka, mara tatu mfululizo, bila kujiangusha. Mmoja akishindwa, wote watatu mbaki chini naye hadi aweze.